Pimbi Alivyomshindisha Dubu na Njaa

Hadithi, jamani!
— Na ije, tumekaa!
Itoke wapi?
— Itoke mbali!
Iende wapi?
— Ifike hapa kwetu!

Basi palikuwa na Pimbi. Msiseme ni panya, wala msiseme ni sungura. Pimbi ni pimbi: mnyama wa majabalini, mdogo kama paka, hana mkia. Jina lake hasa lilikuwa Mwakideu, na kwao ni Werugha, milima ya Taita. Alikuwa hodari wa masomo, akachaguliwa kwenda Marekani nusu mwaka, akae na mwenyeji, asome shule ya huko, kisha arudi awasimulie wenzake.

Wenzake wakamwambia, "Mwakideu, Wamarekani ni matajiri tena walafi. Wanakula kwa kuwa hawana kazi nyingine. Usiwaonee huruma." Pimbi akayaweka moyoni.

Akafika jimbo la Minnesota, nyumbani kwa Dubu. Huyu ni dubu mweusi, si yule wa kahawia. Alikuwa na nguvu za kung'oa mlango kwa mkono mmoja. "Niite Harlan tu," akasema. Pimbi akashindwa. Mtu wa rika la baba yake! Akamwita Mzee Harlan, na Dubu akacheka mpaka tumbo likatikisika, tiki-tiki-tiki.

Mambo ya huko yalimshangaza Pimbi. Watu walimwuliza, "Habari yako?" na kabla hajaanza kueleza habari za nyumbani, wameshapita. Dubu alipanda gari kwenda kuchukua barua kwenye sanduku lililokuwa mwisho wa ua wake mwenyewe.

Naye Dubu alikuwa na maswali yake. "Kwenu mnalala juu ya miti? Simba ni jirani yako? Wachawi wako wangapi?"

"Hapana, Mzee. Kwetu kuna shule, kuna zahanati, kuna duka la Mwambingu."

Dubu akakunja uso, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Televisheni haikumwonyesha hivyo.

Shida ilikuwa mezani. Siku ya kwanza Dubu akaweka maboga ya kuoka. "Utakula, Mwakideu?"

"Nimeshiba, Mzee, ahsante," akajibu Pimbi, kama alivyofunzwa na mama yake, akangoja kubembelezwa.

"Haya," akasema Dubu. Akala yote. Gwafu, gwafu, gwafu!

Siku ya pili, mahindi yenye siagi. "Utakula?" "Nimeshiba, Mzee, ahsante." "Haya." Gwafu, gwafu, gwafu!

Siku ya tatu, viazi na asali. "Utakula?" "Nimeshiba, Mzee, ahsante." "Haya." Gwafu, gwafu, gwafu! Tumbo la Pimbi likalia, ngru, ngru. Akajiambia, "Kweli ni mlafi. Walinieleza."

Siku ya nne, Dubu alipoinua kijiko, Pimbi akarukia meza, tu! Akafumba macho, akaimba:

*Voi, Mwatate!*
*Mwatate, Wundanyi!*
*Wundanyi, Werugha!*

Yalikuwa majina ya njia ya kurudi kwao, basi. Lakini kijiko cha Dubu kiliganda hewani.

"Ni nini hicho?"

"Naizuia mizimu, Mzee. Kwetu, mgeni akiwamo nyumbani, mwenyeji hula kisahani kimoja, kama hiki cha kikombe cha chai. Cha pili kikipita kooni, manyoya humtoka yote, akabaki kama kiazi kilichomenywa."

Dubu hakukasirika. Alifurahi! "Nilijua!" akasema. "Nilijua mambo hayo yapo! Kwa nini ulinificha siku zote hizi?"

Tangu hapo Dubu akala kisahani kimoja, na Pimbi akala kilichobaki. Dubu akinyoosha mkono, Pimbi huimba, *Voi, Mwatate!* Dubu huurudisha mkono. Pimbi akanenepa, mashavu yakamng'aa. Akawa akicheka peke yake, kwi, kwi, kwi!

Majani ya miti yakageuka mekundu, yakapukutika. Kuchakuro, yule kindi, mama jirani, akamsimamisha Pimbi uani.

"We kijana, mbona Harlan amekonda?"

"Amepunguza ulafi, Mama."

"Ulafi gani? Hujui kwamba theluji ikianguka yeye hulala? Hali, hanywi, mpaka miti ichipue. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini sasa hivi. Dubu akilala amekonda, huenda asiamke."

Pimbi alikuwa mtu wa nchi ya jua. Hilo la kulala hakuna aliyemwambia. Akakimbia mpaka ndani, puta-puta-puta, akamwaga chakula chote cha friji mezani.

"Kula, Mzee! Nilikudanganya. Hakuna mizimu. Yale ni majina ya njia ya kwetu."

Dubu akamtazama kwa upole. Ngozi ilimning'inia shingoni. "Usione haya, Mwakideu. Mila zenu naziheshimu."

"Si mila! Nilikuwa na njaa!"

"Njaa? Nilikuuliza kila siku. Ulisema umeshiba."

"Kwetu ndivyo tusemavyo, Mzee. Mgeni hukataa kwanza, ndipo abembelezwe."

Dubu akacheka, lakini safari hii tumbo halikutikisika. "Sasa hilo ndilo la uongo. Nani mwenye njaa akakataa chakula?"

Pimbi akalia, akapiga magoti, akamsukumia sahani. Dubu akala kisahani kimoja, akafuta mdomo. Theluji ikaanguka. Dubu akashuka chumba cha chini, akalala.

Pimbi akahamia kwa Mama Kuchakuro. Kila asubuhi alikwenda kutega sikio mlangoni. Fuu... fuu... Pumzi ilikuwa nyembamba, na kila wiki ilizidi kuwa nyembamba. Nusu mwaka ukaisha theluji ingali imetanda, akaondoka.

Nyumbani wenzake wakamzunguka. Akawasimulia habari ya kisahani, wakacheka mpaka wakagaagaa.

"Na huyo Dubu, je?"

"Nilimwacha amelala," akasema Pimbi.

"Mchana? Kumbe na wavivu pia!"

Wakacheka zaidi. Pimbi akatazama chini.

Hadithi yangu imefika mlangoni.
— Na iingie, ipumzike!

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukitaka kuyajua ya ugenini, waulize wasiofika huko. Wao wanayo majibu yote.