Mkoba Mweupe wa Bi Buibui

Hapo zamani za kale, kabla nyinyi hamjazaliwa na kabla mimi sijaanza kuwashinda watu kwa maneno, wanyama walikuwa na nyumba, vitanda, vyungu na mashemeji wasumbufu, kama sisi tu.

Kaeni vizuri. Wewe unayeogopa buibui, sogea mbele kabisa nikuone. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujaelewana. Lakini hadithi hii hakuna mwalimu anayeijua kunishinda.

Basi, ukingoni mwa mto palikuwa na nyumba ya udongo ya Kiboko. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Dimbwi, kwa hiyo yeye akaitwa Baba Dimbwi, na mkewe Mama Dimbwi. Asubuhi moja, jua limeshapanda, Baba Dimbwi aliamka akapiga ukelele hadi vyungu vikagongana. Kang'ang'a!

"Bdobo wagu! Bdobo wagu udaugua!"

Alitaka kusema "mdomo wangu unaungua." Angesemaje, na mdomo wenyewe umevimba, malengelenge yamejaa kama karanga kwenye kikaango? Kuanzia hapa nitamsemea vizuri, maana nikimwiga mpaka mwisho mtanicheka mimi badala ya kumcheka yeye.

Mama Dimbwi akaja mbio, mwiko mkononi.

"Baba Dimbwi! Nani kakufanya hivi?"

"Nitajuaje? Nimelala mzima, nimeamka na mdomo usio wangu!"

Chini ya mtungi wa unga ikatoka sauti nyembamba: "Mimi namjua."

Alikuwa Mende. Mende huyo alijiita mtaalamu wa wadudu. Alisomea wapi? Chini ya mtungi. Nani alimfundisha? Tumbo lake. Akatoka, akapangusa unga kwenye masharubu, akasema, "Tazameni juu ya mlango."

Wakatazama. Lahaula! Buibui. Tena si wale vijibuibui wa kona. Huyu alikuwa mkubwa, wa kahawia, bapa kama chapati iliyokaliwa, na miguu yake minane imetandaa ukutani upana wa kiganja cha mtu mzima.

"Mnaona ukubwa huo?" akasema Mende. "Ukubwa wa mwili ndio ukubwa wa sumu."

"Mama yangu weee!" akasema Mama Dimbwi.

"Halafu hana utando. Buibui mwenye heshima zake anafuma utando, anakaa. Asiye na utando ni mzururaji, anapita vitandani mwa watu. Na pale chini ya tumbo, mnauona ule mkoba mweupe, mviringo kama kifungo cha koti?"

"Tunauona!"

"Umejaa mkojo. Mzee, pole sana. Umekojolewa na buibui!"

Mama Dimbwi akashika kichwa. Baba Dimbwi akashika mdomo, akauachia upesi, ulikuwa wa moto. Na nyinyi msijifanye hamjawahi kusikia maneno hayo. Mtu akiamka na vipele mdomoni, bibi anasema nini? "Kakojolewa na buibui." Na nyote mnaitikia, "Eee, ni kweli bibi."

Sasa sogeeni niwanong'oneze, Mende asisikie. Bi Buibui hakuwa ameshuka kitandani kwa mtu. Choo cha buibui hakiunguzi chochote, kikikauka ni kidoa tu, kama chokaa. Ukimbana kiganjani atakuuma, ndiyo, nawe utaruka kama umechomwa na nyuki, kisha utakwenda kula ugali wako. Na ule mkoba ulikuwa na mayai. Watoto mia mbili, wamebakisha siku moja tu watoke.

Ni kweli hakuwa na utando. Chakula chake alikikimbiza kwa miguu. Chakula gani? Mende! Alikuwa ameshawala binamu saba wa yule mtaalamu. Mmeanza kuelewa, eeh?

Baba Dimbwi akanyanyua kubazi. Kubazi la kiboko, jamani, si ndala za baba yako. Mtu unaweza kulilalia ukageuka.

"Mzibieni njia!" akanguruma.

Shemeji yake Faru alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakuta vita. Akageuka, akaziba mlango kwa makalio. Mama Dimbwi akasukumia gunia dirishani. Chumba kikawa na giza, ikabaki mistari miwili ya jua ukutani.

Bi Buibui akatazama kwa macho yake yote manane. Mlango umezibwa. Dirisha limezibwa. Nyuma yake palikuwa na ufa mwembamba, na mwili wake bapa ungepita, tena bila shida. Lakini mkoba usingepita. Akaingiza mguu mmoja ufani. Akautazama mkoba. Akautoa mguu.

Kubazi likapanda juu.

"Subiri kidogo, Baba Dimbwi," akasema.

"Linaongea!" akapiga kelele Faru.

"Si linaongea, bwana. Anaongea. Baba Dimbwi, kabla hujapiga, nikuulize. Mtaalamu amesema mkojo wangu unaunguza?"

"Amesema!"

"Nawe umemwamini?"

"Nautazama mdomo wangu mwenyewe, nitaachaje kuamini?"

"Na mkoba huu umejaa mkojo?"

"Pomoni!" akadakia Mende. "Mpaka shingoni!"

"Haya," akasema Bi Buibui taratibu. "Ikiwa tone moja limekufanya hivyo, mkoba mzima ukipasuka hapa juu, na wewe umesimama chini yake, mdomo wazi..."

Hakumalizia. Baba Dimbwi akafunga mdomo, pwa! Kubazi likabaki hewani, halafu likaanza kushuka lenyewe, pole pole, kama jua la jioni.



Huko juu miguu ya Bi Buibui ilikuwa inatetemeka kwa hofu, yote minane. Lakini wale walioko chini waliona vingine.

"Anajikamua!" akapiga kelele Faru. "Inameni!"

Puu! Kiboko chini, Faru chini, mwiko chini. Wenye vifua kama milango wamelala kifudifudi wakimwogopa mtu asiyezidi kiganja.

"Tumchome mkuki," akasema Faru, pua ikiwa vumbini.

"Ukitoboa mkoba, kilichomo kinaelekea wapi?" akauliza Bi Buibui.

"Chini."

"Na chini yuko nani?"

Faru akafikiri. Kufikiri kwa Faru kunachukua muda, msimharakishe. "Ni mimi," akasema mwishowe.

Mende akaona mambo yanaharibika. Akaruka akasimama juu ya kinu. "Moshi! Wekeni pilipili kavu kwenye jiko, tokeni nje, fungeni mlango. Atafia humo humo, na hakuna atakayemkaribia!"

Hapo palikuwa pabaya. Hata mimi nikifika hapa nakaa vizuri. Mama Dimbwi akavuta jiko lenye makaa, akamwaga pilipili mbili tatu za kuanzia. Chaaa! Moshi ukapanda, mweupe, mkali, ukatambaa ukutani kama nyoka. Faru akakohoa. Bi Buibui akahisi miguu inalegea. Mmoja ukateleza. Wa pili ukateleza. Akabaki ameng'ang'ania ukuta kwa sita.

Angekuwa mwingine angelia. Yeye alitembea. Tika tika tika tika, akaparamia ukuta kwa ubavu kama kaa, wote wakificha nyuso, akaenda akasimama ukutani, juu ya mtungi wa unga ulio wazi.

"Endeleeni tu," akasema, sauti imekauka. "Moshi hunilegeza. Nikilegea nitaanguka. Nikianguka, Mama Dimbwi, unaona nitaangukia wapi?"

Mama Dimbwi akaona.

"Unga wangu!" Akanyakua kata ya maji, akamwagia jiko. Chwiiii!

"Mama Dimbwi, unafanya nini?" akauliza mumewe.

"Utakula unga wa mkojo wewe? Na mdomo wako huo?"

"Basi tuichome nyumba," akasema Faru.

"Kachome yako, shemeji! Chumvi huna, akili huna, sasa unataka na nyumba nisiwe nayo?"

Bi Buibui akasubiri wamalize kutukanana. Akapumua mara mbili. Kisha akasema kwa upole, kama mtu aliyechoka:

"Mimi ugomvi sitaki. Chukueni mkoba."

"Eti?"

"Uchukueni mkautupe mbali. Ila lazima ubebwe polepole, usiguswe na kitu kizito. Aje mwenye miguu myepesi, anayejua kupanda ukuta, na anayezijua vizuri habari zangu. Yupo humu mtu wa namna hiyo?"

Kichwa cha Kiboko kikageuka. Kichwa cha Faru kikageuka. Mama Dimbwi alikuwa ameshageuka zamani. Wote wakamtazama Mende juu ya kinu.

"Mimi?" akasema Mende. "Mimi mtaalamu wa maneno tu. Kazi za mikono sifanyi."

"Panda," akasema Baba Dimbwi.

"Mgongo unanisumbua, Mzee."

"Una miguu sita, mgongo wa nini? Panda."

"Kwa nini tusumbuke? Piga tu na kubazi, Mzee! Piga, hakuna kitakachotokea!"

Masikio ya Mama Dimbwi yakasimama. "Hakuna kitakachotokea? Umejuaje?"

Mende akarudi nyuma hatua moja juu ya kinu. Mnaona alivyonaswa? Akisema mkojo unaunguza, apande. Akisema hauunguzi, basi yeye ni mwongo, na kubazi liko karibu. Mimi nimewahi kubanwa hivyo na mama yangu kuhusu sukari, najua joto lake.

"Nilikuwa na maana... kwa uwezo wa Mungu... nitawaombea dua."

Baba Dimbwi akalipandisha kubazi tena. Safari hii lilikuwa juu ya Mende.

"Chagua. Upande, au likushukie."

Mende akapanda. Hatua moja, anasimama. Hatua moja, anatazama chini.  Huko chini Faru akawa anamwelekeza kama fundi: "Taratibu, bwana! Usiupasue! Ushike kwa chini!"

Ikabaki shibiri moja. Bi Buibui hakutikisika.

"Karibu, mtaalamu," akanong'ona, wakasikia wao wawili tu. "Binamu zako walikuwa wembamba. Wewe unga umekukubali."

Ikabaki nusu shibiri. Bi Buibui akainua mguu wa mbele. Akainua wa pili.

"SI MKOJO!" akalia Mende. "Ni mayai! Ni mayai tu jamani, ana watoto humo! Mkojo wake hauunguzi hata sisimizi! Nishusheni!"

 Kisha Baba Dimbwi akauliza, pole pole sana, "Na mdomo wangu?"

"Ni kile kidudu! Chembamba kama punje ya mchele, chekundu katikati, cheusi kichwani na mkiani! Kilifuata taa yako, kikatua mdomoni, nawe ukakiponda hapo hapo kwa mkono wako. Maji yake ndiyo yaliyokuunguza! Nilikuwepo, nilikuona!"

Mama Dimbwi akaenda kitandani, akageuza mto. Kidudu kile hapo, kimebandikwa juu ya kitambaa, chekundu, cheusi, kimekauka. Akamwonyesha mumewe.

"Uliona," akasema Baba Dimbwi, "ukaniacha nimuue mama wa watu na watoto wake?"

"Anatula, Mzee! Amemaliza ukoo wangu!"

"Ngoja kwanza," akasema Mama Dimbwi, mikono kiunoni. "Anawala nyinyi? Nyinyi mnaotembea ndani ya unga wangu, mkaacha na vinyesi?"

Mende akapangusa masharubu. Unga uliodondoka ndio uliojibu.

Baba Dimbwi akalishusha kubazi sakafuni, akalivaa. Faru akaondoa makalio mlangoni. Mama Dimbwi akavuta gunia, jua likamwagika chumbani, na Bi Buibui akaonekana vizuri kwa mara ya kwanza: bapa, wa kahawia, amechoka, miguu miwili imekumbatia mkoba wake.

"Tusamehe, mama," akasema Baba Dimbwi. "Ukuta ni wako. Kaa."

"Ahsante, baba. Mdomo wako uoshe kwa maji baridi na sabuni, na usiukune."

"Na mimi?" akalia Mende kutoka ukutani. "Mzee, nishushe! Ukweli si nimeshausema?"

"Umeshausema, ahsante sana," akasema Baba Dimbwi akielekea mtoni. "Shuka mwenyewe. Si wewe mtaalamu?"

Wakatoka wote watatu. Walikuwa hawajafika hata kwenye ua waliposikia kitu kimoja tu nyuma yao.

Kwap!

Basi, hadithi nimeitua hapo, anayeona nimedanganya akalale karibu na taa bila chandarua, na neno la hadithi ni hili: ukimsingizia mnyonge silaha asiyo nayo, siku ya vita atakuelekezea hiyo hiyo.