Kalunde, Sauti ya Chini

"Ya juu husikika, ya chini hushika." Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu wa kwaya, nanyi mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Tabora, enzi za ujana wangu, palikuwa na bendi iliyoitwa Nyota Tatu, na waimbaji wake walikuwa wawili. Mihayo alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti nyembamba kama filimbi. Aliipandisha mpaka ukadhani itakatika, nayo haikatiki. Kalunde alikuwa mwanamke, lakini sauti yake ilikuwa nzito, imetulia, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Watu walitania kwamba Mungu alipogawa sauti alichanganya mafungu. Mihayo alicheka. Kalunde naye alicheka, ila si kila mara.

Nyimbo zote aliongoza Mihayo. Alipenda kulichelewesha neno, kulivuta, kulizungusha. Kalunde alisimama nyuma yake kidogo, akilitamka neno hilo hilo pale lilipostahili, bila madoido, kisha akamngoja. Dansi likiisha, watu walimzungumzia Mihayo wiki nzima. Kalunde hakutajwa, ila na wale waliodai kwamba anamfunika mwenzake.

Maneno hayo yakamfikia Lubala, mpiga gitaa aliyekuwa kiongozi wa bendi. Siku moja baada ya mazoezi akamwita.

"Dada Kalunde, watu wanataka kumsikia Mihayo vizuri. Hebu pumzika kwanza."

"Nipumzike mpaka lini?"

Lubala akajitia kukaza nyuzi za gitaa lake. Kalunde akamgeukia Mihayo, ambaye alikuwa amesikia yote. Mihayo akainama, akaanza kufunga kamba za viatu. Kalunde akachukua kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Ikafika sikukuu, pakawa na dansi la mchana. Ukumbi ulijaa. Mimi nilipata kiti karibu na mlango, na meza ya pili kutoka kwangu alikaa Kalunde. Dada yake, Nyamizi, aliyeketi kando yake, ndiye aliyembembeleza aje. Kalunde alikuwa amekunja mikono kifuani.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Kisha ukaja wimbo uliowaleta wengi pale, wa mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda kukata mkonge. Mihayo akaanza kupanda. Akalivuta neno kama kawaida yake, lakini safari hii hakuna aliyemngoja. Sauti ikaenda upande, ikaachana na magitaa, ikakatika. Akarudia ubeti. Ikakatika tena. Watu wakaanza kupiga miluzi.

"Mwache aanguke," Nyamizi alimnong'oneza dada yake. "Si walikufukuza?"

"Haanguki peke yake," Kalunde akajibu. "Anaanguka na wimbo."

Mihayo akajaribu tena, jasho likimtiririka. Alipolikaribia lile neno, nilimwona Kalunde akifumba macho. Akaanza kuimba pale pale alipoketi, bila kipaza sauti, ile sauti yake ya chini. Walioketi karibu wakageuka, wakanyamaza, kisha na wengine wote. Mihayo akaisikia. Sauti yake ikatulia, ikapanda, ikafika kule juu ilikokuwa ikifika siku zote.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mihayo akainua mkono kuwanyamazisha.

"Mnanipigia makofi kwa sababu mimi ndiye ninayesikika," akasema. "Sauti ya juu husikika. Lakini iliyonishika nisianguke ni ile ya chini. Na siku ilipofukuzwa, mimi nilikuwepo, nikafunga viatu. Dada Kalunde, nisamehe."

Kalunde akamjibu akiwa bado ameketi.

"Nimekusikia, Mihayo," akasema. "Lakini nyuma yako sisimami tena."

Lubala mwenyewe akaleta kipaza sauti cha pili, akakiweka sambamba na cha Mihayo. Kalunde akapanda jukwaani. Tangu siku hiyo walisimama bega kwa bega. Wapo walioendelea kusema sauti yake inakwaruza. Watu wa namna hiyo hawakosekani. Lakini wengi waliondoka na maneno ya Mihayo, wakayapunguza kadiri walivyoyatumia majumbani na makazini, mpaka yakabaki hayo machache mliyoyasikia leo.

Waliimba pamoja miaka mingi. Kalunde alipofariki, bendi ilimwomba Mihayo aendelee, maana sauti yake ilikuwa bado nzima. Akakataa. Walipomsihi, akawauliza, "Nitapanda nikiwa nimesimama wapi?"

Hiyo ndiyo asili yake, wajukuu zangu. Ya juu husikika, ya chini hushika.