Ukuta Katikati ya Kanisa

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, nao walipokea kwa wazee wao, kwamba palikuwa na kijiji kiitwacho Tamosi, kusini mwa nchi ya Misri, ukingoni mwa mto Nili. Watu wake walikuwa Wakristo, wakulima wa vitunguu na kitani, na kanisa lao lilikuwa moja, dogo, la matofali ya udongo. Ndani ya kanisa hilo, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi ya madhabahu, palisimama ukuta uliopita kimo cha mtu.

Siku Askofu Serapioni alipowazuru kwa mara ya kwanza, aliingia akiwa ameinua mkono kuwabariki, na mkono ule ukabaki hewani. Alitazama kulia akaona nusu ya waumini. Akatembea hadi mahali ukuta ulipokomea, akatazama kushoto, akaona nusu nyingine. Kisha akaugusa ule ukuta kwa kiganja, kama mtu agusaye maiti.

"Ni nani aliyekufa humu," akauliza, "hata mkamzika wima?"

Upande wa kulia, katika safu ya wanawake, alikuwepo mjane jina lake Taisia. Aliposikia swali lile alijifunika uso kwa shuka, kwa maana askofu alikuwa amesema kweli pasipo kujua. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya mumewe.

Miaka saba kabla, katika mwaka wa maji haba, mitaa miwili ya Tamosi iligawana mfereji mmoja kwa zamu: leo mashamba ya mashariki, kesho ya magharibi. Asubuhi moja, siku ya zamu ya magharibi, mtu wa mtaa huo aitwaye Isidori alionekana akija kijijini na maiti mgongoni, nguo zake zimelowa maji na damu. Maiti ile ilikuwa ya Merkuri, mume wa Taisia, mtu wa mashariki. Isidori alisema amemkuta mferejini. Kolutho, kaka wa marehemu, akamuuliza ndugu yake alifuata nini mferejini siku isiyo yake. Isidori akainamisha kichwa, asijibu neno.

Kunyamaza kule ndiko kulikomponza. Hakimu alimwachilia kwa kukosa ushahidi, lakini watu hawakumwachilia. Kolutho akaapa kwamba hatasali tena akitazamana na muuaji. Kwaresima ya mwaka uliofuata ukuta ukajengwa, kila mtaa ukiweka safu yake ya matofali, maana hakuna aliyekubali tofali lake lishikane na la mwenzake. Mlango wa pili ukatobolewa. Padri wao, mzee aliyechoka, alimega mkate upande mmoja kisha akazunguka upande wa pili, na hatimaye watu wakazoea.

Askofu Serapioni hakuzoea. Alivua joho lake la ibada, akalikunja, akalikabidhi kwa padri.

"Mwili wa Bwana ni mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sijui namna ya kuugawa kwa ukuta. Nitakaa hapa, wala sitakula, hata Mwenyezi Mungu atakaponijulisha nyumba hii ni ya nani."

Akaketi kwenye ngazi ya madhabahu, mahali ukuta ulipokomea, ambapo mtu mmoja tu angeweza kuziona pande zote mbili.

Siku ya pili Taisia alimpelekea maji ya kunawa. Mzee yule, aliyekwisha kusimuliwa na padri habari za ukuta, alinawa polepole, midomo imemkauka.

"Binti yangu, wewe wakaa upande upi?"

"Wa kulia, baba."

"Na marehemu mumeo, alikuwa akikaa upande upi?"

Taisia alitaka kujibu upesi, akashindwa. "Alikaa popote, baba," alisema mwishowe. "Wakati wake palikuwa hapana ukuta."

Askofu hakuuliza zaidi. Lakini Taisia alirudi nyumbani na mtungi mtupu, akaketi nao kizingitini, asiingie. Alikuwa na siri. Yeye na wanawe wawili walikula kutoka mkononi mwa shemeji yake Kolutho, na Kolutho alikuwa mtu wa kiapo. Neno moja tu, na kesho angekuwa barabarani na watoto. Kwa miaka saba alikuwa amejiambia kwamba Mungu anajua, na kwamba yatosha Mungu akijua.

Jumapili ilipofika, waumini walikusanyika, kila mtaa mahali pake. Askofu alikuwa hawezi tena kusimama bila kushikwa. Ndipo Taisia akatoka katika safu ya wanawake, akasimama mbele ya ngazi.

"Baba Askofu," alisema, "mume wangu hakuuawa na mtu. Alitoka alfajiri kwenda kuinua jiwe la lango la maji, ayageuze maji yaje kwetu, siku isiyo yetu. Vitunguu vyetu vilikuwa vinakauka. Mtaimbo wa kuinulia jiwe nilimpa mimi, kwa mikono yangu hii. Jiwe lilimwangukia. Nililijua hilo tangu nilipoliona jeraha lake, nami nikanyamaza."

Kolutho alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Shemeji, unajua unachokisema? Unamwita ndugu yangu mwizi, mbele ya watu hawa?"

"Nasema lililotokea, shemeji. Nimewaacha mumchukie mtu asiye na hatia miaka saba."

Hapo ikasikika sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, sauti nzito ya mtu asiyezoea kusema mbele za watu. Taisia aliitambua. Ilikuwa ya Isidori.

"Baba Askofu, tafadhali, mwambie dada yangu anyamaze. Imetosha."

"Kwa nini anyamaze?" askofu aliuliza.

"Kwa sababu ana watoto."

Askofu alimkazia macho, na wale walioweza kuuona uso wake waliona ukibadilika. "Isidori, mwanangu. Ulikuwa unajua?"

"Niliukuta mtaimbo chini ya lango, baba, nikaufukia. Marehemu asingeweza kujitetea tena, na wanawe wangeitwa watoto wa mwizi hadi uzeeni. Mimi nilidhani watu wangesema mwaka mmoja, miwili, kisha wangesahau. Waliponiita muuaji nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Ningesema nini wakati huo wakaniamini?"

Taisia alikaa chini pale pale aliposimama. Yeye alinyamaza kwa kujiokoa, na mtu yule alikuwa amenyamaza kwa kumwokoa yeye. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wameitunza siri ile ile, mmoja huku na mmoja kule, na kila Jumapili alikuwa amekula mkate wa Bwana hatua chache kutoka kwa Isidori bila kumwona.

Kolutho ndiye aliyesogea kwanza. Angeweza kutoka kwa mlango wa kulia akaingia kwa wa kushoto, lakini hakufanya hivyo. Aliuendea ukuta, akashika tofali la juu kabisa, akaling'oa. Akang'oa la pili. Kucha zake zilianza kutoa damu, na watu walimtazama tu, wamepigwa na bumbuwazi, mpaka waliposikia matofali yakianguka upande wa pili pia.

Tundu lilipopanuka, Taisia alimwona Isidori. Hakuwa ametimiza miaka arobaini, na kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Kolutho naye alikiona kichwa kile. Akaliachia tofali alilolishika, akaweka paji la uso wake juu ya yaliyosalia ya ukuta, na Isidori akanyoosha mkono akamshika begani.

Siku hiyo askofu aliumega mkate akiwa amekaa, vumbi limetanda hata juu ya madhabahu. Wapo waliotoka nje kwa hasira, mmoja wao asirudi mpaka kufa kwake. Kolutho hakumfukuza Taisia, ila hakumsemesha hadi Pasaka. Siku hiyo alimtuma mkewe kumwita, ili wale chakula pamoja. Nao watoto wa Merkuri, hakuna aliyewaita wana wa mwizi, maana Isidori alikuwa akiwashika mkono mwenyewe kuingia nao kanisani.

Ndugu zangu, yatupasa kujiuliza tumekaa upande upi, na tangu lini tumezoea. Mwenyezi Mungu anajenga nyumba yake kwa watu, naye huwapanga apendavyo, huyu juu ya yule. Jiwe lisilokubali kulaliwa na jiwe jingine, hata likichongwa vizuri namna gani, mjenzi huliacha likawa kifusi.