Bendera ya Bati

Mtu mmoja alikuwa na jengo la ghorofa hamsini, na juu ya paa lake palikuwa na duara jeupe la kutulia helikopta. Akatamani duara hilo lipokee ndege ndogo yenye mabawa, jambo ambalo mji wake haukuwahi kuliona. Akamwita rubani mmoja, Lusajo, aliyejizoeza miezi minane kutua ndani ya duara la chokaa shambani.

Ndege ya namna hiyo hutua ikiukabili upepo. Upepo ukiisukuma kwa nyuma, paa humalizika kabla haijasimama.

Mwenye jengo alitakiwa aweke bendera ili rubani ausome upepo. Lakini bendera ya kitambaa hulegea, naye hakupenda wageni aliowaalika kutazama waione imelala. Akatengenezesha ya bati, akaipaka rangi. Ikawa kama inapepea siku zote, hata hewa ilipotulia, ikielekea viti vya wageni.

Asubuhi ya siku ya kutua mawingu yalikuwa chini ya paa, na mji ulikuwa umezama ndani yake. Wageni walinong'ona kama watu walio usingizini. Ndege ikatokea mbali, ndogo kama mbegu ya mchicha, ikaanza kushuka kwa kuiamini bendera.

Zamoyoni, mama aliyepiga deki paa lile kila alfajiri, aliusikia upepo shavuni. Akalikamua tambara lake, akalifunga kwenye mpini wa ufagio, akaliinua. Likanyooka, likielekea kinyume cha bendera.

"We mama, shusha hilo tambara! Unatuaibisha!" mwenye jengo akafoka.

"Bendera yako nzuri, bosi," Zamoyoni akajibu, asilishushe, "ila upepo haiujui."

Kule juu Lusajo akaona bendera na tambara vikibishana. Akaona pia kwamba bendera haitikisiki. Akainua ndege, akapita juu ya paa, akapotelea mbali juu ya weupe wa mawingu. Kisha akaja kwa upande wa pili, polepole, kama anayewekwa chini na mkono. Magurudumu yakasimama hatua mbili kabla ya ukingo.

Aliposhuka alimpita mwenye jengo aliyemnyooshea mkono, akaenda kumwamkia Zamoyoni, na tambara likamdondoshea maji begani.

Nawe, walio wako wakizunguka hewani wakitafuta pa kutua, wataona nini juu ya paa lako: bendera ya bati, au tambara la deki?