Pamba ya Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, mwenye kisima pekee mtaani, aliipita foleni nzima ya kina mama kwenye kliniki ya meno, shavu limemvimba kama andazi. Kisima alikitia kufuli tangu kiangazi kianze, na watoto hawakuwa hata na maji ya kupigia mswaki.

“Ning'oe jino sasa hivi, ama uhame nyumba yangu!” alimfokea Bi Mwanasiti, daktari wa meno. “Na habari za kisima sitaki kuzisikia!”

“Jino likiwa bado mdomoni, baba, sitakitaja. Keti.”

Alimpiga sindano ya ganzi, akaling'oa, akamshindilia pamba.

“Ing'ate nusu saa. Ukisema neno au ukitikisa kichwa, damu haikatiki, na mimi simo.”

Bwana Mbaruku akatulia tuli. Bi Mwanasiti akafungua mlango, akamwita sheha wa mtaa aliyekuwa kwenye foleni.

“Sheha, shuhudia. Bwana Mbaruku, kina mama wanaomba ufunguo wa kisima. Kama hutaki, sema.”

Macho yalimtoka pima, lakini pamba aliing'ata.

“Mwali akinyamaza, tunaozesha,” alisema sheha, akiuchomoa ufunguo kiunoni mwa Bwana Mbaruku. “Na huyu kanyamaza.”

Nusu saa ilipotimia, Bwana Mbaruku aliitema pamba ili atukane. Bi Mwanasiti alimwahi na kikombe.

“Kunywa taratibu, baba. Ni maji ya kisimani kwako.”