Mforosadi wa Bi Kilua

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani ya majini na masultani, ni ile zamani ya juzijuzi tu, katika milima iliyo nyuma ya Tanga, aliishi mwanamke jina lake Bi Kilua. Mume hakuwa naye, maana Sheiza wake alikwisha kufa. Mtoto hakuwa naye, maana Mungu hakumjalia. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati, na nyuma ya nyumba mforosadi mmoja mkubwa. Msimu wa forosadi ukifika, matawi yalikuwa yakiinama kwa matunda, meusi tii, matamu hata ndege wakasahau kuruka.

Ndugu hakukosa. Kaka zake watatu walimwachia kila mmoja binti: Somoe, Hadia na Mize. Mabinti hawa walimpenda sana shangazi yao. Walimpenda hata wakaona vibaya kumsumbua kwa kumtembelea. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, nao wakaendelea kumpenda vivyo hivyo, kwa mbali.

Kisha macho ya Bi Kilua yakaingia ukungu. Mwanzo alikosa tundu la sindano. Baadaye akakosa mlango. Mwisho akawa anapapasa ukuta kwenda msalani, na akirudi hajui kama kanga aliyojifunga imekaa sawa au imepinduka. Siku moja alijimwagia chai ya moto miguuni. Akakaa chini pale jikoni akalia, na hakulia kwa kuungua, alilia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia pole.

Ndipo akatuma salamu kwa mabinti wa kaka zake. "Nataka mmoja wenu aje akae nami mpaka nife. Nyumba itakuwa yake na mforosadi utakuwa wake. Lakini simjui ni yupi. Forosadi zimeiva na mimi sizioni. Basi atakayenionyesha msimu huu, nikauona kama nilivyokuwa nikiuona, ndiye huyo. Nangoja mpaka Ijumaa."

Enhe! Mapenzi, wenzangu, yana maajabu. Yaliwashika wote watatu asubuhi ileile. Mmoja hajamaliza kubisha hodi, wa pili anavua viatu, wa tatu tayari yumo ndani anamkumbatia shangazi na kumlilia, "Jamani shangazi, umekonda!" Bi Kilua alikuwa amenenepa, lakini ataambiwa nini mtu asiyejiona?

Najua hapo nyuma yuko mmoja anayetaka kuuliza kwa nini asiwachukue wote watatu. Wewe mwenzangu, umewahi kuona wanawake watatu wakipika jiko moja? Basi tulia tuendelee.

Somoe alikuwa mkubwa wao, mwanamke mwenye mikono na miguu ya kazi. Mumewe alikuwa amemletea mke mwenzake, kisha akamwomba Somoe awapishe chumba. Hadia alikuwa mpishi. Alijifunza kuoka jikoni kwa masista, na mdomo wake ulikuwa na moto kuliko makaa yake. Alikuwa akipikia kwenye baraza la mtu, na mwenye baraza alikuwa amemchoka. Mize alikuwa mdarizi, mpole, msema kidogo. Aliishi kwa kaka yake, na kila akitia sukari kwenye chai, wifi yake alikohoa. Kwa hiyo msiwacheke sana. Wachekeni kidogo tu.

Jumatatu Somoe akachukua ndoo akaenda kwenye mti. Bi Kilua alikaa kibarazani, masikio wazi. Forosadi za chini kila mtu anaweza kuzichuma, hata mbuzi. Tamu zenyewe ni za kileleni, upande wa jua, na huko alikuwa akipanda Sheiza peke yake, kumchumia mkewe. Somoe akajifunga kanga kibwebwe, akaegemeza ngazi, akapanda. Majirani wakatoka kushangaa mwanamke mzima juu ya mti. Walishangaa sana, na hakuna hata mmoja aliyekuja kushika ngazi.

Mara Bi Kilua akasikia kraaa! Kisha puu!

"Somoe! Ni nini hicho?"

"Ni upepo, shangazi. Upepo tu."

Siku hiyo hata moshi wa jikoni ulikuwa unapanda wima. Somoe alikuwa chini, kifundo cha mguu kimeanza kuvimba, mikono imechunwa na magome. Kando yake lilikuwa limelala tawi la kileleni, lile linaloiva kwanza kila mwaka. Lakini ndoo alikuwa ameikumbatia kifuani, na haikumwagika hata forosadi moja. Akalikokota tawi mpaka korongoni, akalitupa, akarudi akichechemea na kuimba, ili ionekane ana furaha.

Mchana Mize akafungua kikapu chake. Sindano alikuja nazo. Nyuzi za rangi alikuja nazo. Kitambaa hakuja nacho, maana huwezi kukumbuka kila kitu ukiwa na haraka ya kumpenda shangazi. Sasa chini ya kitanda cha Bi Kilua kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku kitambaa cha meza cha bafta, cheupe pee. Sheiza alikinunua mwaka walipooana, na pindo lake lilishonwa na mama yake Bi Kilua kwa mkono. Hakikutandikwa hata mara moja. Bi Kilua alikuwa akimwekea mgeni wa kustahili, na mgeni huyo mpaka leo hajafika.

Kibarazani, Bi Kilua akasikia kwiii, bawaba za sanduku lake.

"Mize! Ni nini hicho chumbani?"

"Ni panya, shangazi."

Panya! Bi Kilua alijisemea moyoni kwamba ni panya mwenye adabu, kafunga mfuniko.

Mize alikitandaza kitambaa kwenye kiti cha jikoni ili apime mahali pa kudarizi, akatoka kutafuta mkasi. Naye Hadia alikuwa jikoni anachemsha forosadi kwa sukari na iliki, ili rojo likae mpaka Ijumaa. Rojo likafurika. Hadia akageuka, akaona kitambaa, akakinyakua, akaepulia sufuria. Kitambaa chembamba, sufuria ya moto, mkono ukababuka, sufuria ikayumba. Rojo likaruka.

Bi Kilua akasikia ngwaa!

"Hadia! Ni nini kimeanguka?"

"Ni mfuniko, shangazi. Umeniponyoka."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Hadia alisema maneno machache. Mkononi ameshika bafta nyeupe, na juu yake madoa ya zambarau, moja hapa, matatu pale, mengine yametawanyika hadi karibu na pindo. Mwenye kulijua doa la forosadi analijua. Utafua, utaanika, utasugua kwa ndimu, na lenyewe litakuangalia tu. Mize akaingia, akaona, akaweka mkono mdomoni. Wakanong'onezana. Mize akasema kwa sauti ya chini, "Haoni." Hadia akasema, "Kweli, haoni." Somoe, aliyekuwa akikanda mguu wake kwa maji ya moto, akasema, "Na tawi pia hajaliona." Wote watatu wakashusha pumzi. Mapatano mazuri kama hayo hamjapata kuyasikia katika ukoo ule.

Basi Mize akashona. Alishona Jumanne, alishona Jumatano, alishona Alhamisi mpaka ncha za vidole zikatoboka. Kila penye doa alidarizi forosadi. Hakudarizi forosadi bapa za kutazamwa kwa macho. Alizungusha uzi akaufunga mafundo madogomadogo yaliyobanana, fundo juu ya fundo, mpaka kila tunda likavimba juu ya kitambaa na kikonyo chake na jani lake. Ukipitisha kidole unasikia kila kipele.

Ijumaa ikafika. Hadia akapanga kazi yake: rojo la forosadi chini, unga uliokandwa kwa siagi na maziwa juu, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Si keki, si mkate, si uji, ni kitu cha peke yake. Harufu ikatoka, ikazunguka nyumba, ikaenda kwa majirani. Majirani ambao Jumatatu hawakuwa na muda wa kushika ngazi, siku hiyo walipata muda wa kuja kuuliza hali.

Kitambaa kikatandikwa mezani. Bi Kilua akaongozwa hadi kitini. Hadia akampa sahani.

Akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Kisha akasema polepole, "Hizi ni za kileleni. Za upande wa jua." Machozi yakamtoka bila kelele. Tangu Sheiza afe hakuwa amezionja. Akala sahani yote. Akaomba nyingine, akakwangua hata ukoko, na uso wake ukawa wa msichana aliyeletewa kitu na mume wake.

Alipoweka kijiko chini, vidole vyake vikagusa meza, vikakutana na tunda. Akalishika. Akalivuta. Halikutoka. "Mbona hii haichumiki?" Akapapasa pembeni, akakuta nyingine, akakuta kishada, akakuta jani. Akacheka kwa sauti, akawa anachuma meza nzima kwa vidole, huku anasema, "Naziona! Wallahi naziona! Hii imeiva, hii bado!"

Vidole vikaenda, vikaenda, vikafika pindoni. Hapo vikasimama.

Jamani, pindo alilolishona mama yako hulisahau. Bi Kilua alilipapasa mara ya pili, akaacha kucheka. Iliumia ile roho yake, nasema bila kuficha. Kitambaa alichokitunza maisha yake yote kimetandikwa, na yeye hakuambiwa.

Mabinti hawakumwona anavyoumia. Walikuwa wamekwisha kuanza kudai.

"Shangazi," akasema Somoe, "ulizozila ni za kileleni, umesema mwenyewe. Nilipanda alikopanda marehemu, na mguu wangu huu hapa umevimba. Bila mimi Hadia angepika majani, na Mize angedarizi majani."

"Shangazi," akasema Hadia, "mwenye kusifiwa ni mpishi. Ulikula mara mbili, ukakwangua. Bila mimi forosadi za Somoe zingeoza kwenye ndoo, na Mize angedarizi inzi."

"Shangazi," akasema Mize, na sauti yake ilikuwa ndogo, "za Somoe na Hadia umeshazila, zimekwisha. Zangu zitakuwepo msimu ukipita. Ulisema unataka kuuona msimu. Bila mimi ungeonja tu, usingeona."

Bi Kilua akageuza uso kwao, mmoja mmoja, kama vile anawaona.

"Somoe, ule upepo wa Jumatatu ulivunja nini?"

Somoe akavuta mguu wake chini ya kiti.

"Mize, yule panya alichukua nini sandukuni?"

Mize akaficha vidole vyake kwenye kanga.

"Hadia, ule mfuniko ulimwaga nini?"

Hapo mdomo wa Hadia ukapona. Akasema kweli tupu, kweli yote, kuanzia tawi lililovunjwa na Somoe na kutupwa korongoni hadi sanduku lililofunguliwa na Mize bila ruhusa. Alikuwa mkweli sana kwa makosa ya wenzake. Kwa lake alisema tu kwamba sufuria ilikuwa na moto.

Somoe akalia. "Nilificha nisikuumize, shangazi. Ule mti unaupenda."

Mize akalia. "Nilitaka doa liwe kitu kizuri kabla hujajua."

Hadia akalia pia, ili asibaki peke yake. Kisha akalia kweli, akasema, "Niliogopa utanirudisha barazani kwa watu."

Bi Kilua akavuta pumzi. "Sikilizeni, wanangu. Tawi litaota. Kitambaa kilikuwa kinanisubiri nife, afadhali kimetumika. Hayo si makubwa. Kubwa ni hili. Anayekaa na mimi ndiye macho yangu. Akiniambia hapa pana ngazi, nitashuka. Akiniambia maji yamepoa, nitatia mkono. Na ninyi nyote watatu, siku ya kwanza tu, mlipoona sioni, mlifurahi; niliwasikia mkishusha pumzi."

Majirani wakaangalia sahani zao, maana kula walikuwa hawajaacha.

"Lakini peke yangu siwezi tena," akasema Bi Kilua. "Na msimu nimeuona, siwezi kukana. Niliahidi, nami ahadi yangu nitaitimiza." Akasimama ili aingie chumbani kwake. Hakuita jina la mtu. Alinyoosha mkono hewani, mkono wa kizee, akangoja aje wa kumshika.

Ikaja mikono mitatu kwa pamoja. Mmoja umechunwa na magome ya mti. Mmoja umebabuka kwa sufuria. Mmoja umetobolewa na sindano. Aligusa wa kwanza, akagusa wa pili, akagusa wa tatu, akayajua majeraha yote kwa vidole vyake. Yote yalikuwa kwa ajili yake, na mikono yote mitatu ilikuwa imemdanganya.

Sasa ninyi mliokuwa mkicheka tangu mwanzo, wenye macho mazima na wenye kujua kila kitu, haya, semeni: Bi Kilua amesimama, mlango uko mbele yake na hauoni. Je, ashike mkono wa nani?