Pumzi ya Pikapu

Wahenga hawakuwa na gereji, lakini walikuwa na jiko. Waliona kwamba jiwe moja, hata likiwa pana na zuri la kupendeza macho, ukilitwika chungu mchuzi utamwagika na moto utazimika. Ndipo wakasema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Walimaanisha kwamba kazi iliyoumbiwa watu kadhaa haisimami juu ya mmoja, awe hodari kiasi gani. Wapo wanaoikariri methali hii tangu shule ya msingi na hadi leo haijawaingia. Mmoja wao ni fundi aliyeitwa Sharubu.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya masharubu yake mazito, ambayo watani walidai aliyapaka grisi. Alikuwa fundi wa injini, na kwa injini hakuwa na mpinzani. Gari likipita barabarani, yeye akiwa ndani anakunywa chai, angeweza kusema plagi ipi imechoka. Gereji yao ilikuwa nyuma ya duka la mbao, ua wenye paa la mabati upande mmoja na ardhi nyeusi tii kwa mafuta ya miaka. Nasema gereji yao kwa sababu hakuwa peke yake. Dada yake mdogo, ambaye kila mtu alimwita Nozeli, alikuwa na meza yake ya kusafishia pampu za mafuta na nozeli, vile vinyunyizio vya kuingiza mafuta kwenye injini. Kona ya tatu ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa klachi na breki, mtu mpole wa maneno na mzito wa kazi. Ukimpa kazi ya leo, anakuuliza kesho una safari gani, maana alitengeneza kwa kuwaza safari iliyo mbele.

Walikuwa na desturi yao. Kila mmoja akimaliza sehemu yake, hulipiga boneti kofi moja. Makofi yakitimia matatu, lango hufunguliwa. Hawakuwa wameiandika popote. Ilianza kama mzaha ikawa sheria, na hata wateja walikuwa wakisubiri kofi la tatu ndipo waombe ufunguo.

Siku za karibuni, hata hivyo, wateja walikuwa wa kuhesabika. Shemeji alikuwa ameitwa kazini na kampuni ya mabasi katika mji wa mbali, na Nozeli naye alikuwa ameitwa na gereji nyingine. Wote wawili walikuwa wakivuta siku kwa sababu ya jambo moja. Wafugaji wa bondeni walikuwa wanatafuta gari jipya la kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea, juu kabisa ya kilima. Lori lao la zamani lilipanda kwa kusuasua, na siku za jua kali maziwa yalifika yameshaganda. Gereji ile ingepata kazi hiyo, ingekuwa na gari la kutunza na riziki ya kila siku, na hakuna ambaye angeondoka. Mke wa Sharubu aliomba usiku na mchana iwe hivyo. Kaka yake ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

"Akienda huko, nitamwona misibani tu," alimwambia mumewe.

"Hatakwenda," Sharubu alimjibu. "Kazi hiyo ni yetu. Niachie mimi."

Neno "niachie mimi" limezika wengi.

Pikapu waliyokuwa nayo gerejini, waliyotaka kuitoa kwa kazi hiyo, ilikuwa nzima ila ilikosa pumzi kwenye mlima. Sharubu akaenda kwa wauza vyuma chakavu akarudi na supachaja, amelikumbatia lile dude kama mtoto mchanga. Aliwaeleza wenzake kwa madaha kwamba hiyo ni pampu ya hewa. Mkanda unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa kwa nguvu, sawa na mtu anayepuliza makaa ili yashike.

Nozeli aliizunguka, akaitazama. "Ni nzuri, kaka. Lakini ukiongeza hewa lazima uongeze na mafuta. Bila hivyo moto unakuwa mkali kupita kiasi, utatoboa pistoni. Nahitaji kuweka pampu kubwa na kubadilisha nozeli zote."

"Na klachi hii inapitisha nguvu ile ya zamani tu kwenda magurudumuni," shemeji akasema. "Nguvu ikizidi, itateleza. Nitaijenga upya, niweke springi ngumu. Breki nazo lazima niziongeze, maana kinachopanda kitashuka. Nipe wiki mbili, shemeji."

"Wiki mbili! Majaribio ya kupandisha maziwa kilimani ni Jumamosi hii!"

"Basi mwombe Mwenyekiti wa wafugaji asogeze mbele. Yule mama anasikia la mtu."

Hapo ndipo shetani alipopata kiti. Ukweli ni kwamba Sharubu alikuwa na donge lake la siku nyingi. Wateja walipotoka pale walisifu breki. Walisifu jinsi gari linavyokula mafuta kidogo. Injini, ambayo ndiyo ilikuwa jasho lake, hawakuitaja, kwa kuwa injini njema haina la kutajwa. Safari hii alitaka lisemwe jina lake.

"Sikilizeni," alisema. "Gari ni injini. Mengine yote ni mapambo."

Shemeji alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Kama mimi ni pambo, sawa," alisema, akarudi kwenye kona yake. Nozeli alimwita kaka yake pembeni akamsihi, lakini alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Sharubu alifanya kazi peke yake siku zote zilizobaki, na lazima tumpe haki yake: aliifunga supachaja ile kwa ustadi wa hali ya juu. Mkanda ulikaa sawasawa, hakuna bomba lililovuja, na injini ilipowashwa ilitoa mluzi mwembamba uliowatoa watu dukani kuja kuangalia. Alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Jumamosi asubuhi wenzake walisimama kando ya lango. Hakuna aliyesogea. Basi Sharubu akalipiga boneti kofi lake, akalipiga na la dada yake, akalipiga na la shemeji yake, yote matatu kwa mkono uleule, akafungua lango mwenyewe.

Mwenyekiti wa wafugaji alikuwa mama mnene, mchache wa maneno, aliyezoea kuamka kabla ya ng'ombe wake. Alihakikisha mikebe ya maziwa imejaa na kufungwa, akapanda mbele. Barabara ya bondeni ilikuwa tambarare, na pale pikapu ilikwenda kama imetumwa na mfalme. Mluzi ulipanda, miti ikapita, mikebe ikagongana nyuma.

"Baba," Mwenyekiti alisema akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili, "nilikupa maziwa. Ukifika na siagi tutagombana."

Sharubu alicheka kwa furaha. Alikuwa anajiona tayari amesimama kituoni, anaulizwa nani ametengeneza gari hili.

Wakafika kilimani. Mzigo ulivuta nyuma, akakanyaga mafuta, na injini ikaitika kwa mngurumo mkubwa. Gari halikuitika. Injini ilizidi kupiga kelele na pikapu ikazidi kupungua mwendo, kana kwamba hawafahamiani. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Alijua ni klachi. Alijua kabisa, maana aliambiwa. Lakini badala ya kupunguza, alikanyaga zaidi, akitumaini kwamba nguvu itafidia. Kidogo tu ukasikika mgongano wa chuma ndani ya injini, ka-ka-ka, moshi wa bluu ukafunika kioo, na kila kitu kikazima.

Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Breki zilishika nusu, zikaachia. Sharubu alizungusha usukani akaigongesha kwenye ukingo wa udongo, na hapo ikasimama imelala upande. Mwenyekiti alikuwa mzima, ila kilemba kilikuwa kimemdondokea puani. Mikebe ilikuwa imepinduka yote na vifuniko vimefyatuka. Maziwa ya kaya za nusu ya bonde yalitiririka juu ya lami, meupe, yakiteremka kurudi yalikotoka.

Lori la zamani lilitokea chini likipanda taratibu kama bibi harusi. Lilikuwa limebeba maziwa ya upande wa pili wa bonde. Mwenyekiti akalisimamisha, akarekebisha kilemba chake, kisha akamgeukia Sharubu.

"Injini yako nimeisikia," alisema. "Maziwa yangu sijayaona juu."

Akapanda lori, akaondoka. Sharubu alikaa ukingoni mwa barabara, akalia. Hakuna aliyemwona, wala yeye hakumsimulia mtu, ila masharubu yalikuwa yamelowa alipofika nyumbani.

Kazi ya maziwa ilikwenda kwa watu wengine. Shemeji hakumlaumu; alimsaidia hata kuikokota pikapu hadi uani, kisha akafungasha spana zake, akampa dada yake mkono, akampa na Sharubu. Nozeli aliondoka wiki iliyofuata. Mke wa Sharubu alimsindikiza kaka yake hadi stendi na aliporudi aliacha chakula cha jioni kipoe.

Sharubu alijifungia gerejini. Alishusha injini, akakuta pistoni imetoboka kama dada yake alivyosema. Akaweka nyingine, akasafisha, akapima, akakaza. Alifanya kazi kwa uangalifu ambao hata yeye hakuwahi kuutumia maishani, na siku alipomaliza alimwita mkewe.

"Njoo usikie."

Akawasha. Injini iliimba bila kikohozi, supachaja ikapiga mluzi wake mwembamba. Kwa fundi yeyote wa injini, hiyo ilikuwa sauti ya kumtoa machozi.

"Inakwenda?" mkewe aliuliza.

Sharubu akaingiza gia, akaachia klachi taratibu, akakanyaga mafuta. Mngurumo ulijaa ua mzima, mabati yakatetemeka. Magurudumu hayakuzunguka. Klachi ilikuwa ileile iliyoungua kilimani, haijaguswa na mtu.

Mkewe alisogea kwenye dirisha la gari. "Umeanza tena na injini?"

"Nilidhani..." Alizima gari, akatazama meza tupu ya nozeli, kisha kona ya tatu ambako sasa palikuwa na alama tu za mafuta ardhini. "Nilidhani nikiifufua, watarudi."

"Ndugu yangu hakuondoka kwa sababu injini ilikufa, mume wangu. Aliondoka kwa sababu ulimwita pambo. Na mimi nimebaki bila ndugu."

Sharubu alichomoa ufunguo. Alikuwa na injini bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, ndani ya gari lisiloweza kutoka langoni. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.